Mjusi wa jangwani: Si mvumilivu wa jua, ni fundi wa kulikwepa

Leo jioni ukiwasha taa, hebu tupa jicho ukutani. Huenda ukamwona yule mjusi mdogo mweupe-mweupe, macho kodo, akimvizia nondo. Wengi wetu humfukuza kwa ufagio, na wapo wanaoapa kwamba akianguka kwenye chakula watu watakufa. Ukweli ni kwamba mjusi huyo hana sumu ya kumdhuru mtu, na kazi yake ya kuwamaliza mbu na nondo huifanya bila mshahara.

Lakini huyo ni mpangaji tu mjini. Jamaa zake wengi wamejenga makao jangwani, mahali ambapo mimi na wewe tukiachwa siku moja tu bila maji tutaanza kuweweseka. Katika Jangwa Kuu la Victoria, huko Australia, kuna sehemu za mchanga na nyasi ngumu ambapo aina zaidi ya 40 za mijusi huishi pamoja. Mvua huko ni ya kubahatisha, mito haipo, na joto la mchana ni la kukaanga yai.

Sasa basi, jiulize. Mjusi hawezi kutoa jasho. Hana manyoya ya kumkinga na baridi ya usiku, wala hawezi kuhama kwa mbali kama ndege. Imekuwaje akawa tajiri wa jangwa?

MWILI USIO NA JIKO

Mwili wako, msomaji, ni kama jiko lisilozimwa. Uwe Limuru kwenye baridi au Lodwar kwenye jua, ndani yako joto hubaki karibu nyuzi 37 za Selsiasi. Makaa ya jiko hilo ni ugali, sukuma wiki na kila unachokula. Ndiyo maana huwezi kukaa wiki mbili bila chakula ukabaki mzima.

Mjusi hana jiko. Joto lake huliazima kutoka kwa jua na kwa mawe yaliyopata moto. Kwa sababu hiyo chakula anachohitaji hakifikii hata sehemu ya kumi ya kile anachohitaji panya mwenye uzito sawa na wake. Mvua ikikosa na wadudu wakiadimika, panya hufa njaa. Mjusi huingia shimoni, akapoa, akasubiri. Jangwani, ambako kuna miaka ya shibe na miaka ya ukame mtupu, anayeweza kusubiri ndiye anayeonekana tena mvua inaporudi.

Maji nayo huyabana kama mama mwenye nyumba wakati mifereji imekauka. Je, umewahi kuangalia kinyesi cha mjusi nyuma ya kabati? Utaona kipande cheusi chenye ncha nyeupe. Ile ncha nyeupe ndiyo mkojo wake. Badala ya kutoa takataka za mwili pamoja na maji kama tufanyavyo sisi, yeye huzitoa zikiwa karibu kavu, jinsi kuku afanyavyo.

Shida ni kwamba anayeazima joto lazima ajue wakati wa kuacha. Asubuhi mjusi wa jangwani huchungulia shimoni, akatoka polepole, akajitandaza ubavu ukielekea jua. Akishapata moto wa kutosha huanza kuwinda. Mchanga ukizidi kuwaka hukimbilia kivulini, au hupanda kijiti ambako upepo unapita. Jua la utosini likifika anarudi chini ya ardhi, ambako kiasi cha mkono tu kutoka juu kuna ubaridi wa kuvumilika. Alasiri hutoka tena.

Ukimpima kwa kipimajoto wakati wa kazi utakuta joto la mwili wake halipandi wala kushuka ila kwa nyuzi chache. Amelishika si kwa jiko la ndani bali kwa miguu yake, akihama-hama kati ya jua na kivuli kutwa nzima.

Kuna mjusi mmoja kwenye vilima vya mchanga vya Namib, pwani ya Namibia, ambaye nadhani angepata tuzo ya ngoma. Mchanga wa huko hupita nyuzi 60 mchana. Ukianza kumchoma huinua mkono wa kushoto na mguu wa kulia, akashusha, akainua wa upande wa pili, huku amejiegemeza kwa tumbo na mkia. Ikishindikana kabisa hupiga mbizi, akapotea mchangani kana kwamba ni maji. Pua yake ni bapa kama sepetu, na imeumbwa kwa kazi hiyo.

Na kama unadhani mambo haya hayakuhusu, fikiria homa. Mwaka 1975 wanasayansi wa Marekani waliwaambukiza bakteria mijusi wa jangwani, kisha wakawaweka katika viwango mbalimbali vya joto. Waliokaa kwenye nyuzi 42 walipona kwa wingi kuliko waliowekwa kwenye nyuzi 38. Mijusi wanaoachwa wajichagulie mahali, wakiugua huenda wenyewe kwenye joto zaidi. Jaribio hilo ni miongoni mwa yale yaliyowafanya madaktari waanze kuiona homa kama silaha ya mwili na si ugonjwa tu.

KITENDAWILI CHA MAJANGWA MATATU

Mtu aliyetumia maisha yake kuuliza kwa nini mijusi wako hapa na hawako pale ni Mmarekani Eric Pianka, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na ambaye alifariki mwaka 2022. Alianza kazi hiyo miaka ya 1960 katika majangwa ya magharibi mwa Marekani. Baadaye akaenda Australia, kisha Kalahari, lile jangwa la mchanga mwekundu linalotandaa Botswana na kuingia Namibia na Afrika Kusini. Kila alipokwenda aliwakamata mijusi, akaandika saa na mahali alipowapata, akawafungua matumbo kuhesabu walichokula. Mijusi aliowachunguza ni maelfu kwa maelfu.

Hesabu yake ilileta kitendawili. Mahali pamoja katika jangwa la Marekani hupati zaidi ya aina 11 za mijusi wanaoishi pamoja, na upande wa kaskazini kwenye baridi unaweza kupata 4 tu. Kalahari utapata kati ya 11 na 18. Australia, kama nilivyosema, hesabu hupita 40. Yote matatu ni majangwa, na yote yana jua na mchanga. Tofauti imetoka wapi?

Usitarajie jibu moja. Wasomi wengi wamependa kupata sababu moja ya kufungia hesabu, lakini Pianka alizidi kusema kwamba mambo ni mengi na kila bara lina historia yake. Kwanza ni usiku. Majangwa ya Marekani yana mijusi wachache mno wa usiku, ilhali Kalahari na Australia zimejaa jamaa wa yule wa ukutani kwako, wanaotoka jua likizama. Hapo jangwa moja linakuwa na zamu mbili, kama kiwanda. Wanaokula mchana hawagombani na wanaokula usiku.

Pili, huko Australia kuna nyasi fulani zinazoota kwa vichuguu, ngumu na zenye ncha za kuchoma kama sindano. Ng'ombe hazipendi, lakini kwa mjusi mdogo hiyo ni ngome. Ndani yake kuna kivuli, mchwa na usalama. Moto unaowashwa na radi huunguza sehemu moja na kuacha nyingine, kwa hiyo jangwa zima ni viraka: hapa nyasi nzee, pale chipukizi, kule mchanga mtupu. Kila kiraka kina mijusi wanaokipenda.

Tatu, mijusi wa Australia wamechukua kazi ambazo kwingine hufanywa na wanyama wengine. Sisi Kenya tunamjua kenge, yule wa majini na mwenzake wa nchi kavu. Australia ina karibu aina 30 za kenge. Mkubwa wao hupita mita 2 na huwinda kama chui wa mahali hapo, na mdogo kabisa ni wa sentimeta 20 hivi, mkia ukiwamo. Wapo pia mijusi wasio na miguu ambao wewe ukiwaona utaapa ni nyoka. Na yuko mmoja aliyejaa miiba mwili mzima, anayekula sisimizi tu, mmoja mmoja, mamia kwa mlo. Ngozi yake ina vifereji vyembamba, hivi kwamba akisimama kwenye mchanga wenye umande maji hupanda yenyewe hadi mdomoni.

WAZURURAJI NA WAVIZIAJI WA KALAHARI

Kalahari ndiko kunakotuhusu zaidi, kwa kuwa ni Afrika na kwa sababu nyingine nitakayoieleza. Jioni jua linapozama, mchanga wote huko hulia. Ni madume ya mjusi mmoja wa usiku, kila mmoja akiwa amesimama kwenye mlango wa shimo lake akibweka kuita jike. Ni mnyama wa kutosha kiganja tu, lakini sauti za wote pamoja hujaza uwanda.

Chakula kikuu cha mijusi wa Kalahari ni mchwa. Pianka alipojumlisha vilivyokuwa matumboni alikuta mchwa ni kama asilimia 40 ya chakula chote, kiwango kinachopita kwa mbali kile cha mabara mengine mawili. Watu wa kwetu wanaosubiri kumbikumbi mvua za kwanza zinaponyesha watamwelewa mjusi huyu bila kufundishwa. Mchwa ni mafuta na maji katika mfuko mmoja, nao hubaki chini ya ardhi hata ukame unapokausha kila kitu juu.

Ila mchwa hawaji wenyewe. Pianka na mwenzake Raymond Huey waliona kwamba mijusi wa mchana wa huko wamegawanyika. Wako waviziaji, wanaokaa tuli chini ya kichaka wakingoja panzi apite. Na wako wazururaji, wasiotulia, wanaokwenda wakifukua na kunusa huku na huko. Mzururaji hutumia nguvu nyingi zaidi, lakini ndiye anayewapata mchwa waliojificha, na kwa jumla hurudi nyumbani ameshiba kuliko mvizia.

Gharama ipo. Nyoka wa jamii ya bafe hujifukia mchangani asitikisike, na anayepita mbele yake mara kwa mara ni nani kama si mzururaji? Mvizia yeye huogopa nyoka mwendo-mkali anayetembea akitafuta. Kila mtindo wa kutafuta riziki una adui wake.

Miongoni mwa wazururaji hao kuna mmoja ambaye mtoto wake ni mwigizaji wa ajabu. Huko kuna mbawakawa mkubwa mweusi mwenye alama nyeupe, ambaye akiguswa hufyatua tindikali kali ya kuchoma macho. Mbweha na ndege wakionja mara moja hawarudii. Basi mtoto wa mjusi huyu huzaliwa mweusi mwenye alama nyeupe, na mkia wenye rangi ya mchanga ili usionekane. Hatembei kama mjusi. Hukunja mgongo na kukaza miguu, akaenda kwa mikogo kama mbawakawa. Akikua akampita mbawakawa kwa ukubwa huacha mchezo, akageuka rangi ya mchanga na kuanza kukimbia kama wazazi wake. Huey na Pianka waliitangaza habari hiyo mwaka 1977, na ushahidi wao mmojawapo ulikuwa mikia: watoto hawa walikutwa na mikia iliyokatika kwa uchache kuliko mijusi wengine wa hapo, maana yake adui hawakuwagusa sana.

NDUGU ZAKE WAKO KWETU

Jina la ukoo wa mjusi huyo kwa wataalamu ni Heliobolus. Na hapa ndipo sababu ile niliyoiahidi. Ukitoka Kalahari kuja kaskazini utapita misitu ya miombo ya Zambia na kusini mwa Tanzania, na ndugu zake hutawaona. Endelea hadi nchi kavu za Kenya, na utamkuta ndugu yake mwenye michirizi mgongoni akikimbia kwenye mchanga kati ya migunga. Anapatikana pia Ethiopia na Somalia. Amepewa jina la Speke, yule Mwingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha mto Nile.

Amewezaje kuruka misitu hiyo yote? Hakuruka. Mtazame choroa: yuko kaskazini mwa Kenya, na mwenzake yuko Kalahari na Namib. Mtazame digidigi: yuko Tsavo na Samburu, na yuko Namibia. Mbweha mwenye masikio makubwa naye yuko pande zote mbili, katikati hayupo. Wataalamu wanaeleza kwamba nyakati za kale, Afrika ilipokuwa kavu zaidi, ukanda wa nchi kame uliunganisha Pembe ya Afrika na kusini-magharibi mwa bara. Wanyama wa ukame walipita humo. Mvua ziliporudi misitu ikafunga njia, na ndugu wakatengana.

Kwa hivyo ukiona ramani ya mijusi wa Kenya, usiitazame kama orodha ya majina tu. Marsabit, Turkana, Wajir na Garissa si pembe iliyosahauliwa. Kwa mijusi huko ndiko mjini. Yuko mmoja wa huko kaskazini ambaye mkia wake hupita mara mbili urefu wa kiwiliwili. Akikimbia kutoka kichaka hadi kichaka saa sita mchana, macho yako huona vumbi tu.

SAA ZA KAZI ZINAPUNGUA

Kufikia hapa unaweza kusema: dunia ikizidi kupata joto, mjusi atafurahi. Ameshazoea. Hivyo ndivyo wengi walivyodhani.

Mwaka 2010, Barry Sinervo wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz na wenzake wa nchi nyingi walitoa habari nyingine. Walirudi mahali 200 nchini Mexico ambapo mijusi wa jamii moja walikuwa wameandikwa kati ya mwaka 1975 na 1995. Katika asilimia 12 ya mahali hapo mijusi walikuwa wametoweka. Mapori yalikuwa bado yapo. Kilichobadilika ni joto, hasa katika miezi ya majike kubeba mimba.

Mijusi hao hawakuanguka juani wakafa. Mfikirie mchuuzi wa mboga anayeweza kufungua kibanda chake saa fulani tu za siku. Askari wa jiji wakimwondoa saa moja, ataishi. Wakimwondoa saa 4 kila siku, biashara haiwezi tena kulisha watoto. Mjusi ndivyo alivyo. Jua likizidi hubaki shimoni, salama kabisa, lakini shimoni hakuna chakula. Jike asiyeshiba hatagi mayai ya kutosha. Watafiti waliweka vipimajoto vilivyoundwa kwa umbo la mjusi, wakahesabu saa za kufungiwa ndani. Mahali zilipokaribia saa 4 kwa siku wakati wa kuzaa, ndipo mijusi walipokuwa wamekwisha. Walikadiria kwamba mambo yakiendelea hivyo, kufikia mwaka 2080 aina moja kati ya kila tano za mijusi duniani inaweza kutoweka.

Hayo ni makadirio, na wapo wataalamu wanaoyapinga wakisema mjusi ana ujanja zaidi ya hesabu ya kompyuta. Lakini hata wao hawakani jambo moja, nalo ni kivuli. Mwaka 2009 watafiti Michael Kearney, Rick Shine na Warren Porter walionyesha kwamba katika majangwa na nchi za joto kama zetu, tatizo la mjusi si kupata joto bali kulikimbia, na anayeamua kama ataweza ni kichaka. Mgunga ukikatwa kwa ajili ya makaa, binadamu huona mti mmoja umekwenda. Mjusi hupoteza kituo cha kupumzikia kati ya shimo na chakula, na mwendo wake wa mchana unakatika hapo.

Mwanafunzi anayetaka kuliona jambo hili hahitaji kwenda Chalbi. Tafuta mjusi yule wa mawe na kuta za nje, ambaye dume lake lina kichwa chekundu na mwili wa buluu, na ambaye hutikisa kichwa kana kwamba anakubali kila usemalo. Chukua daftari na kipimajoto. Kuanzia saa moja asubuhi, kila nusu saa andika yuko wapi: juani, kivulini au amejificha. Usimkaribie sana, kaa mbali atulie. Ukipata binamu Garissa au Lodwar, mwombe afanye vivyo hivyo siku hiyo hiyo, kisha linganisheni. Katika siku ya baridi ya Julai, Nairobi ikiwa imefunikwa na mawingu, huenda wako akawa bado ameganda ukutani saa sita akingoja jua, wakati wa binamu yako ameshakula, ameshiba, na ameingia ndani tangu saa nne na nusu.